Mkandarasi mdogo na mhasibu: hela ikiingia, yako ni ipi?

Mwaka juzi alikuja ofisini fundi mmoja wa ujenzi kabeba mfuko wa simenti uliokatwa juu, mle ndani makaratasi matupu, risiti zimefifia mpaka hazisomeki, delivari noti za kokoto, kipande cha boksi kimeandikwa kwa biki majina ya vibarua na hela walizochukua, na juu kabisa barua ya TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, ya makadirio ya kodi ambayo alikuwa nayo ndani wiki tatu nzima hajamwonyesha mtu. Akaiweka mezani akasema, "Dada, mi kodi nilishakatwa na wale walionipa kazi, sasa hawa wananidai ipi tena?"

Sikumcheka, maana hilo swali naulizwa kila mwezi, na wanaouliza sio wajinga, ni watu wanaojua kusoma ramani na kupiga hesabu ya nondo kichwani kuliko mimi. Shida ni kwamba hakuna aliyewahi kukaa nao chini akawaeleza hela ya kazi inavyotembea kuanzia siku ya kusaini mpaka siku TRA wanapofunga mwaka. Wengi mhasibu wanamjua wa mwezi wa sita, unampelekea makaratasi, anakutengenezea mahesabu, mnaachana mpaka mwakani. Hapo mhasibu anakuwa kama mganga wa kufunga kidonda tu, na kwa mkandarasi anayejitegemea hasara kubwa inakuwa ilishatokea miezi mingi nyuma, saiti, dukani, au kwenye karatasi ya mkataba.

Tuelewane kwanza namzungumzia nani. Sio yale makampuni makubwa ya barabara. Namsema mtu mwenye TIN yake, ile namba ya mlipakodi, leseni yake, labda kasajiliwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi daraja la saba au kwenye yale madaraja ya makandarasi wa umeme au mabomba, au bado hajasajiliwa ila anachukua kazi za ufundi kwenye miradi ya shule na zahanati inayojengwa kwa fosi akaunti, yaani mwenye mradi ananunua vifaa mwenyewe na kuita mafundi. Anaajiri vibarua kazi ikiwepo, kazi ikiisha wanatawanyika. Mwajiriwa kodi yake inakatwa kwenye mshahara na yamekwisha, hajui hata tarehe. Huyu wa kwetu ndo bosi, ndo stoo kipa, ndo keshia, ndo dereva, afu usiku akirudi nyumbani anatakiwa awe na idara ya kodi kichwani.

Afu kuna kitu wengi wanakosea mwanzoni kabisa. Wanamwona jirani mwenye duka la spea anakadiriwa kodi kwa mauzo, analipa kwa awamu nne, hana mahesabu ya maana, maisha yanaenda, basi na wao wanajua wako humo. Ule utaratibu wa mauzo ni wa wafanyabiashara wadogo ambao mauzo hayazidi milioni 100 kwa mwaka, lakini huduma za kitaalamu, za kiufundi, za usimamizi, mafunzo na ujenzi zimetolewa humo. Kwahiyo fundi mjenzi hata akiwa na mauzo ya milioni 30 anatakiwa alipe kwenye faida, na faida huwezi kuijua bila kuandika. Hapo peke yake mhasibu kashapata kazi ya kwanza, kukwambia uko kwenye kapu lipi kabla hujaanza kuiga ya jirani.

Sasa turudi kwenye swali la fundi, lile la kukatwa. Inaitwa kodi ya zuio. Mtu anayekulipa kwa ajili ya biashara yake, kampuni, taasisi, halmashauri, shule, anatakiwa azuie kipande cha malipo yako na akipeleke TRA, kwa huduma ni asilimia 5. Mtu binafsi anayejenga nyumba yake ya kuishi yeye hahusiki na kukata. Kwenye ujenzi sheria inatambua kwamba hela uliyolipwa sio yote ni jasho lako, kuna simenti na nondo humo, kwahiyo mkataba wenye vifaa unagawanywa kwa uwiano wa 3 kwa 2, vifaa tatu na huduma mbili, na ile asilimia 5 inapigwa kwenye huduma tu. Chukua mkataba wa milioni 50, huduma inakuwa milioni 20, kodi ya zuio milioni 1, wewe unapokea 49. Ukichukua kirahisi ni asilimia 2 ya mkataba mzima.

Ila sikiliza hapa maana hapa watu wanaumia. Kama mkataba wako ni wa ufundi peke yake, vifaa ananunua mwenye mradi, hakuna cha kugawanya, asilimia 5 inakaa kwenye hela yote. Mafundi wa fosi akaunti wengi wako hapa, kamati ya shule inanunua kila kitu, yeye anapewa ufundi wa milioni 6, anakatwa laki 3. Nimeona kinyume chake pia, mkandarasi mwenye vifaa vyake anakatwa asilimia 5 ya mkataba mzima kwa sababu mtu wa malipo kule hajui ule uwiano au anaogopa kukosea, na mkandarasi kwa kuwa anataka hela ya vibarua wa Jumamosi anapokea tu. Kwenye milioni 50 hiyo ni milioni na nusu imezidi. Haijapotea moja kwa moja, inahesabika kama kodi uliyolipa, lakini imelala TRA wakati wewe unakopa simenti. Mhasibu anaweza kuandika barua ya ukurasa mmoja kwenda kwa yule mlipaji kabla malipo hayajatoka, na mara nyingi inatosha, watu wa malipo sio wabaya, wanataka tu karatasi ya kujikinga.

Na hii kodi ya zuio kwa mkandarasi sio mwisho. Ni advansi. Umeshalipia kodi yako ya mwaka kidogo kidogo kupitia mikono ya watu wengine, mwisho wa mwaka unapiga faida, unapata kodi yako halisi, unatoa ile uliyokatwa, unalipa tofauti. Kwahiyo fundi wangu alikuwa amekosea kusema yameisha, lakini alikuwa na haki kusema kuna hela yake kule. Wengine nao wanakosea upande wa pili, wanalipa kodi yote upya kama vile hawajawahi kukatwa hata senti.

Kinachoamua ni cheti. Aliyekukata anatakiwa apeleke ile hela TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, na akupe cheti cha kodi ya zuio chenye TIN yako. Cheti hicho ndo ushahidi wako. Bila cheti we unasema ulikatwa, TRA wanasema hatuoni, mlipaji kahamishwa, mhasibu wao mpya hajui faili liko wapi. Nilishawahi kuhangaika miezi minne na kampuni moja, sitaitaja, imemkata mteja wangu kwenye malipo matatu na haikupeleka popote, kila ukipiga simu unaambiwa bosi yuko kikaoni. Tulipata cheti siku nilipoandika barua nikanakili kwa meneja wa mkoa wa TRA. Toka hapo kwenye ofisi yangu kuna jedwali moja tu ambalo silali bila kuliangalia, tarehe ya malipo, nani kalipa, kakata ngapi, cheti kimekuja au bado. Kikipita mwezi hakijaja tunaanza kukitafuta wakati bado kazi inaendelea na bado wanatuhitaji. Ukishakabidhi funguo za jengo simu yako haina tena uzito ule.

Sasa njoo kwenye ule mfuko wa simenti. Nitatumia namba za mfano zinazofanana na za yule fundi, nimezizungusha asije akajulikana. Mwaka mzima kafanya kazi za milioni 80, zote za makampuni na zote zina vifaa, kwahiyo kakatwa milioni 1 na laki 6. Simenti, nondo, kokoto, mirunda, mabati vimekula milioni 44. Vibarua na mafundi wasaidizi milioni 16. Usafiri, mafuta, kukodi vaibreta na vitu vidogo milioni 4. Afu alinunua mashine ya kuchanganyia zege milioni 4, hii huwezi kuitoa yote mwaka mmoja, ila mitambo ya ujenzi iko kwenye lile daraja linalochakaa kwa asilimia 37.5 kwa mwaka, kwahiyo unatoa milioni 1 na nusu mwaka wa kwanza, mwakani asilimia hiyo hiyo ya kilichobaki. Fundi alikuwa hajui kabisa kama mashine inaingia kwenye hesabu, yeye aliona ni mali yake tu.

Jumla ya gharama milioni 65 na nusu, faida milioni 14 na nusu. Kodi ya mtu binafsi inapanda ngazi, milioni 3.24 za kwanza kwa mwaka hazina kodi, inakuja asilimia 8, 20, 25, ukifika milioni 12 umeshafikisha kodi ya 1,536,000 na kinachozidi hapo ni asilimia 30. Kwa milioni 14 na nusu inakuja 2,286,000. Toa ile milioni 1 na laki 6 aliyokatwa, anabaki kudaiwa 686,000. Laki sita na themanini na sita elfu, mtu analipa anaendelea na maisha.

Lakini hayo ni mahesabu ya mtu mwenye karatasi. Tuseme kati ya zile milioni 44 za vifaa kuna milioni 10 hazina risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, au zina risiti ila haina TIN yake, au ipo ila imefifia nyeupe kama karatasi ya kufungia maandazi. Mkaguzi akizikataa faida inapanda kuwa milioni 24 na nusu, kodi inakuwa 5,286,000. Yaani risiti za milioni 10 zimekula milioni 3 taslimu. Na kama na vyeti vya zuio navyo hana, analipa hiyo milioni 5 na ushee yote. Jengo ni lile lile, jasho ni lile lile, nondo ni zile zile, tofauti ni makaratasi.

Ndo maana mhasibu mzuri kwa mkandarasi hakusubirishi mwezi wa sita. Anakufundisha vitu vya kijinga kabisa. Ukinunua taja TIN yako kabla muuzaji hajapiga risiti, sio baada. Ukitoka dukani piga picha risiti hapo hapo kwenye kaunta itume kwenye grupu la WhatsApp la watu wawili, wewe na mhasibu, maana ile wino ya mashine ikikaa kwenye dashibodi ya gari wiki mbili imekwisha, na kumbukumbu unatakiwa uzitunze miaka 5. Andika nyuma ni ya saiti gani. Mimi wateja wangu nawaambia mkituma picha bila jina la saiti nawarudishia, wanalalamika mwezi wa kwanza, wa pili wamezoea.

Kuna ya mwenye lori la mchanga. Hana EFD, hana hata risiti ya kitabu, na mchanga huwezi kuacha kununua. Hapa sina dawa ya kukupa, ninachofanya ni kupiga hesabu naye kabla hajatoa bei ya tenda. Tripu ya mtu asiye na risiti ikiwa elfu 30 nafuu, jiulize hiyo nafuu inabaki baada ya asilimia 30 ya kodi au imeliwa? Kama tripu ni laki 2 na gharama yake haikubaliki, kodi yake ni elfu 60. Kumbe yule wa laki 2 na thelathini mwenye risiti ndo rahisi. Hii hesabu inafaa kufanyika siku ya kujaza BOQ, ile orodha ya kazi na vifaa na bei zake, siku ya ukaguzi imeshachelewa.

Kuhusu vibarua, kwa ufupi maana watu hawapendi kusikia. Kile kipande cha boksi chenye majina hakitoshi. Fanya daftari la malipo lenye jina, namba ya simu, siku alizofanya, hela na sahihi, na ukiweza lipa kwa simu ibaki alama. Wale unaokaa nao mwezi hadi mwezi sio vibarua tena hata ukiwaita hivyo, kuna kodi ya mshahara kwa anayezidi laki 2 na elfu 70 kwa mwezi, kuna NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 20 mkigawana, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nusu asilimia ambao mtu akidondoka jukwaani utashukuru ulilipia, na ukifikisha wafanyakazi 10 kuna tozo ya ufundi stadi. Mhasibu akikwambia haya siku unamwajiri wa tisa anakuwa amekusaidia, akikwambia mwaka unaofuata anakuwa amekuhesabia deni.

Tugusie hela inayoingia, maana hapa ndo naona watu wazuri wanaanguka. Mkandarasi anapewa malipo ya awali, tuseme milioni 15 ya kazi ya milioni 50. Simu inalia, salio limenona. Wiki hiyo hiyo analipa ada ya mtoto, anamalizia banda la kuku la mama kijijini, anamlipa mtu wa simenti deni la saiti iliyopita. Yote ni mambo ya maana, hakunywa pombe. Lakini ile milioni 15 haikuwa yake, ilikuwa ya saiti mpya, na sasa saiti mpya itajengwa kwa hela ya malipo ya pili, ambayo yanatoka kazi ikifika usawa wa lenta, na lenta haifiki kwa sababu hakuna hela. Baada ya hapo anachukua kazi ya tatu, anataka ile advansi yake imalize kazi ya pili. Mafundi wanaita kufukia shimo kwa kuchimba lingine, na ukimwona mkandarasi ana saiti nne zimesimama mara nyingi hakuibiwa, aliingia humu.

Juu ya hapo kuna ile hela ya matazamio. Mwenye mradi anabaki na asilimia 5 au 10 kwenye kila malipo mpaka muda wa matazamio uishe, miezi 6 au mwaka, aone kama ukuta hautapasuka. Kazi ya milioni 50 kwa asilimia 10 ni milioni 5 imekaa kule. Kwa kazi nyingi za hawa wadogo hiyo inakaribia faida yote! Yaani umemaliza kazi, faida yako iko kwa mtu, afu nusu ya watu wanasahau hata kuidai kwa sababu mwaka umepita na mkataba haujulikani uliko. Mimi naiweka kwenye kalenda na tarehe, wiki mbili kabla namkumbusha apeleke barua ya ukaguzi wa mwisho.

Dawa ya haya haihitaji programu ya kompyuta. Fungua akaunti ya kazi tofauti na ya nyumbani, lipa namba ya biashara tofauti na laini yako ya kupigia. Kila malipo yakiingia yakatwe siku hiyo hiyo mafungu matatu, la saiti, la kodi, na mshahara wako mwenyewe ambao mmekubaliana ni kiasi gani kwa mwezi. Ndiyo, ujilipe mshahara, usichukue chukue. Fundi mmoja alinambia, "Dada sasa kama hela ni yangu kwanini niombe ruhusa?" nikamwambia sio yako, ya kwako ni hii elfu 800, hiyo nyingine ni nondo ambazo hazijanunuliwa.

Kodi yenyewe hailipwi mara moja. Mwanzoni mwa mwaka unapeleka makadirio ya unachotegemea kupata, kwa anayetumia mwaka wa kalenda mwisho ni Machi 31, unalipa awamu nne, Machi 31, Juni 30, Septemba 30 na Desemba 31, na ritani ya mwisho, yaani taarifa ya kipato na kodi ya mwaka, ni ndani ya miezi 6 baada ya mwaka kuisha. Ukikadiria chini sana, chini ya asilimia 80 ya ilivyokuja kuwa, kuna riba. Ukikadiria juu unawakopesha serikali. Na kazi za ujenzi hazitabiriki, mwezi wa pili huna hata tenda moja, mwezi wa nane una tatu. Makadirio yanaruhusiwa kurekebishwa katikati, kuna wakandarasi wameshinda tenda kubwa Agosti wakakaa kimya na makadirio ya Machi kisha wakashangaa riba. Ukishinda tenda, simu ya kwanza mpigie mkeo, ya pili mpigie mhasibu.

Kuna jambo moja la kitaalamu kidogo ila lina hela ndani yake, watu hawalijui. Mtu binafsi anaruhusiwa kupiga hesabu za kodi kwa hela iliyoingia kweli mkononi, kampuni hairuhusiwi, kampuni inahesabu kipato pale inapostahili kulipwa hata kama hela haijatoka. Kwa anayefanya kazi na taasisi zinazochelewesha malipo hii ni tofauti kubwa, umekamilisha kazi Novemba, hela imetoka Aprili, ukiwa mtu binafsi unayetumia utaratibu wa taslimu hiyo inaingia mwaka wa Aprili. Ukiwa na kampuni unaweza kujikuta unadaiwa kodi ya hela ambayo hujaiona. Sasa kila siku naletewa mtu anayetaka kufungua kampuni BRELA, kule zinakosajiliwa kampuni, kwa sababu kaambiwa tenda zinapatikana vizuri na anaheshimika. Kampuni ina faida zake, mali zako za nyumbani zinakuwa mbali na madeni ya kazi, na baadhi ya wenye kazi hawazungumzi na asiye na kampuni. Lakini kampuni inataka mahesabu yaliyopitiwa na mhasibu mwenye CPA, yaani aliyefaulu mitihani ya juu ya bodi ya wahasibu, kodi ya faida ni asilimia 30 kuanzia shilingi ya kwanza hakuna zile ngazi za chini, na hela ya kampuni ukiichukua kienyeji ni kosa. Kwa yule wa faida ya milioni 14 na nusu, kodi ya mtu binafsi ni 2,286,000, ya kampuni ingekuwa 4,350,000 kama hajajiwekea mshahara. Mimi wengi nawaambia ngoja kwanza.

Barua ya TRA nayo. Ukipewa makadirio usiyokubaliana nayo una siku 30 za kupinga kwa maandishi, na ili pingamizi lipokelewe unatakiwa ulipe theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au ile sehemu usiyoipinga, iliyo kubwa kati ya hizo, ila unaweza kumwomba Kamishna akupunguzie au akusamehe hilo sharti ukiwa na sababu. Usiporidhika na majibu kuna Bodi ya Rufani za Kodi. Siku 30 zikipita hujasema kitu, ile namba inakuwa deni hata kama ilikuwa ya kubuni. Fundi wangu alikuja siku ya 21. Karibu tulale ofisini, kijana wangu anapanga risiti sakafuni kwa miezi, mimi napiga simu za vyeti, siku ya 28 tukapeleka pingamizi. Namba ilishuka, lakini sio mpaka 686,000, maana nyingine zilikuwa zimeshafifia, hakuna anayeweza kuapia karatasi nyeupe.

Kumpata mhasibu mwenyewe ni kazi. Pale nje ya ofisi za kodi kuna vishoka, kijana ana bahasha na kalamu masikioni, anakwambia nipe TIN na nywila yako nakumalizia ritani dakika kumi. Anakujazia mauzo sifuri, unafurahi hudaiwi, miaka miwili baadae TRA wanaona makampuni manne yamepeleka kodi ya zuio kwa jina lako, yaani ulilipwa milioni 80 mwaka uliosema hujapata kitu, na anayeulizwa ni wewe, kishoka kashabadilisha laini. Mhasibu wa kweli yupo kwenye orodha ya NBAA, ile bodi ya wahasibu, na anayekuwakilisha TRA anatakiwa awe mshauri wa kodi aliyesajiliwa, muulize namba yake, asikasirike. Hela ya kodi usimpe mkononi hata akiwa shemeji yako, kodi inalipwa kwa kontrol namba, unalipa mwenyewe benki au kwenye simu.

Na bei? Sio lazima umwajiri mtu wa mwezi mzima. Wakandarasi wadogo wengi wanaelewana kiasi kidogo cha kila mwezi kwa kuandika vitabu na kufuatilia vyeti, na kiasi kingine mwisho wa mwaka kwa ritani. Wengine watatu wanne wanachangia mhasibu mmoja anayezunguka. Ulizia mapema kama bei inahusisha kukusomea mkataba, maana mimi naona hapo ndo penye hela nyingi kuliko vitabu vyenyewe, na wahasibu wengi hawapagusi, wanaona ni kazi ya wakili.

Yule fundi wa mfuko wa simenti bado yupo na mimi. Mwezi uliopita saa nne usiku kanitumia picha ya mkataba wa milioni 59, kazungushia kwa penseli mstari mmoja: "bei hii inajumuisha kodi zote." Kaandika chini, "Dada hii ina shida?" Nikafungua jedwali lake, kwa miezi 12 ana milioni 152, na hii ya 59 inampeleka 211. Kizingiti cha kusajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni milioni 200 kwa mwaka. Akisaini vile vile ilivyo, akisajiliwa katikati ya kazi, wenye mradi hawaongezi kitu, kwenye milioni 59 zinaweza kutoka mpaka milioni 9 za VAT, na faida yote aliyoiwekea hiyo kazi ni milioni 7. Nikamwandikia aombe iandikwe bei haijumuishi VAT, wakikataa apige bei upya.

Akajibu, "Kesho saa mbili walitaka nisaini. Nawaambia nimeugua."